Kobu kavikwa blanketi, punda kaachwa mvuani

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa ndani ya basi, natoka zamu ya usiku. Naishi Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Uskoti. Kazi yangu huku ni kutunza wazee. Lakini kabla sijaja nilikuwa saisi pale uwanja wa mbio wa Ngong Road, Nairobi, miaka kumi na mmoja, kwa hiyo swali langu linanitia aibu kidogo. Farasi nawajua. Blanketi ndilo limenishinda.

Ilianza hivi. Jirani yetu mmoja, mama mzee Mwingereza, alivunjika nyonga mwezi wa Agosti. Ana farasi mmoja na punda mmoja kwenye kiwanja nyuma ya nyumba yake. Aliposikia nilikuwa saisi akaniomba niwaangalie asubuhi na jioni, na binti yangu wa miaka 12 awe anampanda farasi Jumapili. Farasi mwenyewe ni kobu wa Wales, maksai wa miaka 14, mfupi, mnene, miguu ina manyoya mpaka kwenye kwato utadhani kavaa suruali ya bwanga. Anaitwa Moses. Kazi yake ni hiyo Jumapili tu, mwendo wa polepole barabarani.

Mwanzoni mwa Oktoba, usiku mmoja kipimo kikasoma nyuzi 6. Mimi nilikuwa na sweta mbili na kofia ya sufi, meno yanagongana. Nikamhurumia Moses. Ngong Road, Julai ikifika, wale wa mbio tulikuwa tunawafunika usiku, na Julai ya Nairobi ni mzaha ukiifikisha hapa. Nikaingia mtandaoni nikanunua blanketi zito kuliko yote, gramu 350, linalofunika mpaka shingo, pauni 110 kutoka mfukoni mwangu. Mke wangu bado hajanisamehe.

Sasa ni wiki ya tano. Manyoya ya mabegani yamekwanguka pande zote mbili, ngozi imebaki tupu ukubwa wa kiganja. Mchana jua likichomoza nikitia mkono ndani nakuta jasho. Tumbo limeongezeka, na juu ya shingo, kwenye mstari wa singa, pamevimba pakawa pagumu. Juzi asubuhi nilimkuta mguu wa nyuma umenasa kwenye mkanda.

Nimeuliza watu na kila mtu ana lake. Dada mmoja wa shamba la pili, ambaye farasi wake huvaa mablanketi mawili mawili, ananiambia Moses anaumia na baridi kimyakimya, nimwongezee jingine ndani. Mkulima anayetuuzia nyasi kavu alicheka, akasema nimvue kila kitu. Dukani wananiambia ninunue matatu, jepesi, la kati na zito, tena na lingine la kulalia bandani. Nikipiga hesabu ni mshahara wa wiki nzima.

Ninunue lipi hasa? Kuna moja limeandikwa 1200 na hili langu ni 600, je, la 1200 ndilo lenye joto zaidi? Saizi nazo zinanichanganya: langu ni futi 6 na inchi 3, mengine yameandikwa 145. Na nimvue usiku au mchana?

Punda hana shida. Ni jike, ana miaka 26, anaitwa Biskuti. Mvua ikinyesha anasimama tu kando ya ukuta, hasumbui mtu. Punda ni punda.

Asante, Shangazi.
Saisi wa Baridini

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale mwisho. Punda ni punda! Mimi ni mtoto wa Lamu. Maneno hayo usiyarudie mbele yangu. Nitafika huko. Tuanze na Moses, maana ndiye uliyemuulizia.

Usiku ule wa nyuzi 6 aliyesikia baridi ni wewe. Binadamu akiwa hana nguo, hewa ikishuka chini ya nyuzi 25 hivi mwili wake unaanza kuhangaika kutafuta joto. Farasi aliyezoea nchi zenye baridi ya wastani yuko raha mustarehe kuanzia nyuzi 25 kushuka mpaka 5. Wale wa Kanada, waliozoea baridi yao, wakavu na wameshiba, hufika kama nyuzi 15 chini ya sifuri ndipo mwili uanze kutumia akiba. Kwa hiyo wewe na sweta zako mbili mlikuwa mnatetemeka, Moses alikuwa anajiuliza una nini.

Najua kwa nini ulikosea, na si ujinga. Farasi wa mbio ana ngozi nyembamba na manyoya mafupi, halafu Nairobi iko karibu na ikweta. Manyoya ya majira ya baridi hayaletwi na baridi yenyewe. Yanaletwa na mchana kufupika. Mwili wa farasi unahesabu saa za mwanga. Ngong Road mchana ni saa kumi na mbili Januari, ni saa kumi na mbili Julai, kwa hiyo saisi wa pale anaweza kufanya kazi mpaka astaafu asione farasi akivaa koti lake kamili. Huko Northumberland siku zinaanza kufupika baada ya tarehe 21 Juni, na ikifika Desemba mwanga ni saa saba hivi kwa siku. Moses alianza kujishonea koti wakati jirani yako anavunjika nyonga, na wewe bado unatembea na fulana.

Fanya jaribio hili. Siku moja ya manyunyu, Moses akiwa hana blanketi, mwache alowe nusu saa. Kisha mwendee, utenganishe manyoya ya mgongoni kwa vidole viwili. Juu utaona yamelowa na kushikamana vichembachemba, maji yanateremka kuelekea tumboni. Chini, karibu na ngozi, kidole chako kitakutana na ukavu na joto. Ni paa la makuti lile: maji yanapita juu, aliye ndani halowi. Na theluji ikianguka utaikuta imelala mgongoni mwake haiyeyuki. Usiogope, maana yake joto lake haliponyoki kuja nje. Hewa ikipoa zaidi, kila unywele unasimama na kukamata hewa katikati. Ukimtwika gramu 350 unayalaza manyoya yote chali. Umempokonya koti lake ukampa la dukani, na la dukani halijui kufunguka jua likitoka. Ndilo lile jasho unalolishika mchana.

Tena ana jiko tumboni. Nyasi kavu zinapochachuka ndani ya utumbo mkubwa zinatoa joto saa nyingi baada ya kuliwa. Farasi mwembamba, usiku wa baridi kali unamwongezea nyasi kabla hujafikiria kumwongezea nguo. Moses usimwongezee hata hizo. Akiba anayo, tena imezidi.

Farasi wenyewe wamewahi kuulizwa. Mwaka 2016 watafiti wa Norwei walichapisha kazi waliyoifanya na farasi 23. Waliwafundisha alama tatu kwenye vibao: mstari uliolala maana yake nivike, mstari uliosimama maana yake nivue, kibao kitupu maana yake niache nilivyo. Wote 23 walielewa, kila mmoja akawa anagusa kibao kwa pua. Hali ya hewa ikiwa nzuri wengi waliomba kuvuliwa, au waachwe bila kitu. Mvua, upepo na baridi vikija pamoja, wakaomba kuvikwa. Mimi habari hii huipenda sana, maana inamaliza ubishi wa yule dada na yule mkulima bila kumpa hata mmoja ushindi wote.

Hapo ndipo blanketi linapopata kazi. Baridi kavu si adui wa Moses. Mvua inayopigwa na upepo kutwa nzima ndiyo inayopenya makuti yale mpaka kwenye ngozi, na hapo hata mnyama mnene atasikia. Kwa hiyo nunua moja tu: la nje, lisilopenya maji lakini linapitisha mvuke wa jasho, gramu 0, bila kifuniko cha shingo. Ndiyo, sifuri. Gramu hizo ni uzito wa pamba ya ndani kwa kila mita ya mraba. Sifuri ni koti la mvua, 50 na 100 ni jepesi, 200 ni la kati, 300 kwenda juu ni zito. Moses avae koti la mvua siku za dhoruba, siku nyingine atembee na mwili wake. Swali lako la usiku au mchana limeishia hapo: tazama mvua na upepo, saa achana nazo.

Matatu na la bandani ni ya farasi aliyenyolewa. Farasi anayefanya kazi ngumu wakati wa baridi hunyolewa manyoya ili asilowe jasho akakauka vibaya. Huyo umemvua koti, ni wajibu wako umvalishe. Huenda farasi wa yule dada wamenyolewa, na kwake mablanketi mawili yana sababu. Usiende kumcheka. Farasi mzee aliyekonda, mgonjwa, na hao wa mbio uliowazoea, nao ni hivyo hivyo. Moses wa Jumapili usimnyoe na usimuige mwenzake.

Ile 600 na 1200 haihusiani na joto hata kidogo. Ni denia, uzito wa uzi wa kitambaa cha juu: mita 9,000 za uzi huo zina uzito wa gramu ngapi. Namba kubwa, uzi mzito, kitambaa kigumu kuchanika. Kama kiwanja kina ua wa miiba au farasi anapenda kujikuna kwenye seng'enge, toa pesa ya 1200. Kama kuna kuta za mawe na yeye ni mpole, 600 inatosha. Wauzaji wanajua watu wanachanganya namba hizi na wengine hawana haraka ya kuwasahihisha.

Saizi sasa. Chukua futikamba na binti yako ashike upande mmoja. Waingereza wanapima ubavuni: kuanzia katikati ya kifua, kupita penye upana wa bega, mpaka nyuma ya paja chini ya mkia. Wanatoa kwa futi na inchi, na saizi zinapanda inchi tatu tatu. Wa bara Ulaya wanapima juu ya mgongo, kuanzia pale shingo inapoishia mpaka shina la mkia, kwa sentimita. Ndiyo maana 145 yao si kipimo kile kile kilichoandikwa kifupi; wamepima sehemu nyingine ya mwili. Usigeuze namba kwa kikokotoo. Pima njia zote mbili, uandike ukutani.

Kule kukwanguka kwa mabega kunanionyesha blanketi linambana kifuani. Kobu ana kifua cha baunsa, na mablanketi mengi yameshonwa kwa farasi mwembamba. Tafuta lenye pindo la nafasi begani, linalofunguka mguu ukienda mbele. Ukimfunga bizimu la kifuani, kiganja chako kipite bila kulazimisha. Shingo ya blanketi ikae mbele ya ule mfupa wa juu ya mabega, isikae juu yake. Kisha mpe nyasi chini ardhini utazame: akiinamisha kichwa blanketi likikaza kama kamba ya kuku, rudisha dukani siku hiyo hiyo kabla halijashika unywele.

Mikanda ya chini ya tumbo ipishane, na kati yake na tumbo uingie upana wa kiganja. Ikining'inia kama bembea, atakapolala na kuinuka kwato itaingia humo, nawe umeshaliona hilo. Mikanda ya mapajani upitishe mmoja ndani ya mwenziwe, kama pete mbili zilizoshikana, ndipo uifunge. Haisugui na haiachi nafasi ya mguu.

Kila siku avuliwe, hata mvua ikinyesha vipi, umpitishie mkono mwili mzima. Chini ya blanketi lililolowa huota magamba yanayong'oka na kitita cha manyoya. Bakteria wake anaitwa Dermatophilus congolensis, na jina hilo la pili si la bahati mbaya: alielezwa mara ya kwanza mwaka 1915 kwa ng'ombe wa Kongo ya Wabelgiji. Jamaa wa nyumbani kabisa, na Northumberland amefika bila viza. Ukitaka kujua kama farasi yuko sawa, mkono uingie nyuma ya bega. Vuguvugu na pakavu ni sawa. Penye unyevu amezidishiwa. Masikio peke yake yanadanganya, kama mikono yako inavyopoa na wewe uko sawa. Mwenye baridi kweli utamwona anatetemeka, mkia ameubana, amejikunyata kisogo kwenye upepo, au wiki hadi wiki mbavu zinatokeza.

Lililonifanya nikae sawa kwenye kiti ni ile shingo. Uvimbe mgumu kwenye mstari wa singa pamoja na tumbo linaloongezeka si afya, mpwa wangu. Farasi wa aina hiyo, wa milimani, wameumbwa wanenepe kiangazi na wapungue baridi. Kalori ambazo Moses angezitumia kujipasha joto wewe umemwekea benki kwa wiki tano. Mafuta hayo ndiyo njia ya laminaitisi, ule ugonjwa unaoshambulia nyama inayoshika mfupa ndani ya kwato, na kobu ni wateja wake wakubwa. Mwambie jirani yako amwite daktari wa mifugo amtazame, hata kama Moses anatembea vizuri. Ukimkuta anasita kukanyaga, anaegemea nyuma kama anayeogopa miguu ya mbele, au kwato zimepata joto, simu ipigwe saa hiyo hiyo, zamu au hakuna zamu. Kila wiki mbili mzungushie ile futikamba ya kukadiria uzito inayouzwa dukani, na ushike mbavu: uzihisi kwa kubonyeza kidogo.

Kumvua, chagua asubuhi kavu isiyo na upepo, si usiku wa dhoruba. Amevaa wiki tano, mpe mchana mmoja au miwili wa kuvaa lile koti la mvua, kisha mwache. Zile sehemu tupu za mabega hazihitaji dawa ya kienyeji. Ngozi ikiwa nzima, manyoya yatarudi yenyewe akibadilisha koti majira ya kuchipua.

Na lile koti la mvua usilifue kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Utaondoa ile dawa ya kuzuia maji, na litakuwa shuka. Lipige brashi, maji baridi, litundike. Mashine ya nyumbani usiiguse kabisa kama unataka mkeo akusamehe mwaka huu.

Sasa Biskuti.

Asili ya punda ni huku kwetu, pembe ya Afrika, kwenye mawe na jua. Mwili wake haukuumbwa kwa mvua ya kaskazini. Watafiti walipima manyoya ya punda na farasi huko huko Uingereza kwa misimu yote: farasi wanayaongeza sana ikifika baridi, ya punda hayabadiliki sana. Yale makuti niliyokusifia mgongoni kwa Moses, Biskuti hana. Maji yanapita moja kwa moja mpaka kwenye ngozi, na ngozi yenyewe ina miaka 26.

Unasema anasimama tu kando ya ukuta, hasumbui mtu. Nimekua nikiwaona Lamu, wakipita na mizigo ya matumbawe na mchanga kwenye vichochoro, na nakwambia punda akiumia hapigi kelele. Anatulia. Farasi angekuonyesha vitimbi. Punda anashusha masikio na kungoja. Kule kusimama ukutani ndiko kujitafutia kinga kwake, na kinga yenyewe ni ukuta mmoja usio na paa.

Kwa hiyo pesa zako ziende hivi. Kwanza banda, hata la mbao, lenye kuta tatu, liupe mgongo upepo, sakafu kavu yenye mabua, na mlango mpana ili Moses asimzuie kuingia. Muulize jirani, huenda kuna kibanda cha vyombo vya bustani kinachokaa bure. Pili blanketi la punda, si la farasi lililokatwa: punda hana ule mwinuko wa mabega, la farasi litamtelezea na kumsugua. Kwa umri wake gramu 100 au 200 lisilopenya maji ni sawa, na kwake hata nyuzi 6 za mvua ni sababu ya kulivaa. Akiwa amelowa mkaushe kwanza kwa taulo au mabua, usifunike maji. Umwekee pia mabua ya shayiri ya kutafuna kama meno yake bado yanafanya kazi; daktari akija kwa Moses, ayatazame na hayo.

Lile la pauni 110 halirudi dukani, lina jasho na manyoya tayari. Lipige brashi, lipige picha, uliuze kwa mtu mwenye farasi mwembamba aliyenyolewa. Mwanzo wa Desemba watakuwa wanayatafuta, na ukipata 60 mshukuru Mungu. Sitini hizo zinakaribia kabisa blanketi la Biskuti.

Picha ya Moses si lazima. Ya punda nitumie.

Shangazi